Neno la Copilote

Mvua ya Butembo ilikuwa bado inagonga mabati wakati mwanaume nisiyemjua aliposimama mlangoni pa depo ya mama, suruali imelowa mpaka magotini, akauliza:

"Njo hapa kwa Gaëlle? Ule mwenye aliandika juu ya bapilote benye kuchoka?"

Mama yangu, Mama Godelive, alikuwa anapima maharage. Alimtazama viatu, akatazama shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, akaamua kwamba huyu ni mtu wa forodha.

"Gaëlle haiko," akajibu.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia, hatua chache nyuma yake.

"Niko, mama."

"Aya, umenifanya muongo mbele ya batu," mama akanung'unika. Mgeni akacheka kicheko kikubwa, akaomba ruhusa ya kuingia, na mama akamsogezea kiti. Mtu anayecheka hivyo hawezi kuwa wa forodha.

Jina lake lilikuwa Paulin. Alikuwa Mkasai, mzaliwa wa Kananga, rubani mkuu wa ndege ndogo ya injini mbili iliyokuwa na makao yake Mavivi, kule Beni. Asubuhi ile alitua Butembo kwenye uwanja wa Rughenda, mvua ikamfunga. Wiki moja kabla, alikuwa amembeba profesa wangu mpaka Bunia, na profesa akamsimulia kwamba kuna msichana Butembo aliyemaliza chuo kwa kuandika kuhusu ajali za ndege za zamani: jinsi uchovu wa marubani na woga wa kumwambia mkubwa ukweli vilivyoua watu.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja uliopita. Majirani walipenda kusema: "Gaëlle alisoma ndege, sasa anarusha maharage." Kwa hiyo nilipomwona mtu mzima amevuka matope ya soko kwa ajili ya kazi yangu, nilishindwa kuficha furaha.

"Nikusaidie nini, Commandant?"

Akafuta maji usoni.

"Niko na copilote, pilote wangu wa pili. Jordy. Mutoto wa pale Mulekera, Beni. Anajua ndege muzuri sana, siku moja atanipita. Mais ananikubalia yote. Nikisema mawingu haiko, anasema haiko. Namufundisha kusema hapana, ananijibu: 'Ndiyo, Commandant.'" Mama akaangua kicheko. Paulin hakucheka safari hii. "Donc siku moja atanikubalia mpaka ndani ya mulima. Na mi nazeeka, mutoto yangu. Nachoka. Nabeba batu. Kuja useme naye. Mi nikisema, anasikia amri. Weye ukisema, pengine atasikia maneno."

Nilikuwa nimesoma sauti za marubani wengi katika ripoti za ajali. Sikuwa nimewahi kukutana na hata mmoja aliyekuja mwenyewe, ndege yake ikiwa bado nzima, kuomba afundishiwe mtu wa kumzuia.

"Nitakuja," nikasema.

"Alhamisi. Na siku ya posho, jumamosi, binti yangu Julie anaolewa Kisangani. Tunaenda na ndege yetu asubuhi, kuko kiti. Utaona ndoa ya Bakasai."

Mama akainua kichwa. "Atakula nini kule?"

"Mama, atakula mpaka atasahau maharage."

*

Alhamisi nilipanda pikipiki mpaka Beni, nikafikia kwa shangazi yangu kwenye komini, yaani kata, ya Ruwenzori, mchana nikaenda Mavivi. Walinikutanisha na watu wa ndege katika chumba kidogo kando ya uwanja, kilichonukia mafuta na samaki wa chumvi. Walikuwepo wapakiaji mizigo, mafundi, na Phinées, chef d'escale, yaani msimamizi wa kituo: mwanaume mfupi mwenye simu mbili ambazo hazikunyamaza. Nyuma kabisa alikaa kijana mwembamba, mikono juu ya magoti kama mtu aliye kanisani. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ndiye Jordy.

Phinées ndiye aliyenikaribisha.

"Mademoiselle, kwanza tuulize. Ulishapandaka ndege?"

"Hapana, papa."

Chumba kizima kikacheka. Fundi mmoja akasema, "Basi atufundishe pia kuogelea!" Nilisikia masikio yangu yanawaka moto. Commandant Paulin, aliyekaa mstari wa mbele kama mwanafunzi, hakugeuka nyuma. Alisema tu, "Tunakusikiliza, Mademoiselle," na kelele zikaisha.

Niliwasimulia ajali ya visiwa vya Kanari, mwaka 1977. Ndege mbili kubwa katika uwanja mdogo, ukungu mzito, watu wamengoja saa nyingi. Rubani mkuu wa moja alikuwa mtu wa sifa, mwalimu wa marubani wengine. Saa za kazi walizoruhusiwa zilikuwa karibu kwisha na wote walitaka kuondoka. Akaanza kukimbiza ndege bila ruhusa ya kuruka. Nyuma yake fundi wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa nguvu kwamba imetoka. Fundi hakuuliza tena. Haikuwa imetoka. Walikufa watu zaidi ya mia tano.

Hakuna aliyecheka sasa.

"Fundi alijua?" Jordy aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Alishuku. Aliuliza mara moja, akajibiwa na mkubwa, akanyamaza."

Niliwasimulia na ya kisiwa cha Guam, miaka ishirini baadaye. Katika kinasa sauti rubani mkuu anasikika akisema ana usingizi. Ndege iliingia kilimani kabla ya kufika uwanjani. Nikawauliza: "Sasa hapa kwetu, mtu akikuambia amechoka, unamjibu nini?"

Wote wakajibu pamoja, kama wamepangwa: "Courage!"

Nilikuwa sijapanga jibu lile, na hata mimi lilinishtua. Ni neno letu zuri, la kumwambia mtu ajipe moyo. Tunampa mama mwenye mzigo mgongoni, tunampa mgonjwa, mfiwa, mwalimu anayengoja mshahara. Butembo nzima imejengwa na watu walioambiwa courage wakaendelea kupanda mlima. Lakini mtu mwenye usukani anasema nimechoka, na sisi kwa upendo kabisa tunamsukuma mbele.

"Sasa tuseme nini?" akauliza fundi aliyenicheka.

"Ikala," akasema Commandant Paulin bila kugeuka. "Mutu amechoka, unamwambia ikala. Akae chini."

Jordy alisimama. Alikohoa mara mbili.

"Mais, Mademoiselle, Commandant iko kama baba yangu. Alinitoa mbali. Mutu anaweza kuambia baba yake aikale, mbele ya batu?"

"Unaweza," Paulin akasema.

"Ndiyo, Commandant."

"Munasikia?" Paulin akainua mikono juu. "Anakubali tena!"

Walicheka mpaka Phinées akakata simu. Jordy naye akacheka, akiwa ameinama. Ndipo Commandant Paulin akasimama, akamwendea, akanyoosha mkono mbele yetu wote.

"Nakuahidi hivi. Siku utaniambia 'Commandant, ikala', nitazima bamoteur ya ndege. Sitauliza juu ya nini, sitauliza sababu. Sitakasirika. Ata kama nimebeba askofu."

Jordy aliupokea ule mkono kwa mikono miwili, kama tunavyopokea vitu kutoka kwa wakubwa. Sikujua kama ameamini. Pengine na yeye hakujua.

*

Ijumaa Paulin na Jordy walifanya kazi ya siku mbili ndani ya siku moja. Walikwenda Bunia, wakarudi, wakaenda tena kuchukua majeruhi katika kiwanja cha udongo upande wa Ituri, wakarudi jua linazama. Usiku milio ya risasi ilisikika tena upande wa mashamba ya Mulekera, ambako wote wawili walilala: Jordy kwa mama yake, Commandant katika nyumba aliyopanga jirani. Jordy aliniambia baadaye kwamba yeye alilala kwa sababu mama yake alimwekea godoro katika chumba cha katikati, mbali na madirisha, na watoto wa Beni wameshajifunza kulala hivyo. Commandant, mgeni wa vita vyetu, aliketi ameegemea ukuta mpaka alfajiri.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Mavivi amevaa viatu vinavyong'aa. Suti ya harusi ilikuwa ndani ya mfuko wake, inaning'inia kwenye mkono wa fundi kama mtu muhimu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mademoiselle! Leo utapanda ndege, mutu hatakucheka tena."

"Commandant, ulilala?"

"Nilichoka kidogo. Mais leo ni siku ya Julie."

"Courage, Commandant!" wakasema wapakiaji. "Courage, papa!" akasema askari wa getini. "Courage, bamukwe banakungoja!" akapaza sauti Phinées kutoka mbali, na mama mmoja abiria mwenye kitenge cha manjano akapiga vigelegele. Siku mbili tu zilikuwa zimepita. Nilitazama nyuso zao zenye kufurahi, na sikuona hata mmoja aliyegundua anachosema. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu hakukusaidia mtu.

Commandant alinieleza wakati tunatembea kuelekea ndege kwa nini ilimpasa kufika kabla ya saa nne. Katika desturi yao, wakwe wakishaleta mahari, baba humwita binti mbele ya familia zote mbili na kumuuliza: "Tuvikule hivi vitu vya watu?" Akisema ndiyo, ndoa imesimama. Mjomba anaweza kuuliza badala ya baba, lakini Julie alikuwa ameomba, tangu akiwa mdogo, kwamba baba yake ndiye amuulize. "Maisha yake yote mi niko hewani," Paulin akasema. "Aliniombaka kitu kimoja tu."

Nilipewa kiti cha kwanza. Kati yetu na marubani hapakuwa na mlango, pazia tu, nalo lilikuwa limefungwa pembeni. Niliwaona wote wawili mgongoni. Injini ya kulia ikaamka, kisha ya kushoto, na mimi nikashika kiti kwa mikono yote miwili. Mama wa kitenge cha manjano akanipapasa bega: "Sali, mwanangu. Inasaidia kuliko kushika."

Commandant alisoma orodha ya ukaguzi, Jordy akajibu, kama wimbo wa kupokezana. Niliona Jordy anageuza kichwa kidogo. Commandant alikuwa amesoma mstari uleule mara mbili. Wakaendelea. Ndege ikatembea polepole mpaka mwisho wa njia, ikageuka, na mbele yetu njia yote ikawa wazi, nyeusi bado kwa umande, na milima mbali, na anga safi kabisa. Mnara ukatoa ruhusa. Commandant akauliza kitu. Jordy akamjibu. Baada ya kitambo kidogo, Commandant akauliza kitu kilekile tena, kwa maneno yaleyale, kama hajawahi kukiuliza.

Jordy hakujibu mara ya pili.

Niliona mkono wake wa kushoto unapanda kutoka gotini, unasimama hewani, unarudi gotini. Nilimfahamu kwa siku mbili tu, lakini moyo wangu ulimsukuma kama ndugu. Alijua viatu vile vinang'aa kwa ajili ya nani. Alijua suti imetundikwa wapi.

"Commandant."

"Hum?"

"Ikala."

Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko injini, na bado tuliisikia sote tuliokaa mbele.

Mkono wa Commandant Paulin ulibaki juu ya vishikio vya nguvu za injini. Aligeuka akamtazama Jordy. Mdomo wake ukafunguka: "Ju..." Nililiona swali lote likija, juu ya nini, leo, saa hii. Akafunga mdomo. Akalimeza lile swali kama mtu anavyomeza dawa chungu. Kisha akauambia mnara kwamba hawataruka, akairudisha ndege pale tulipotoka, akazima injini moja, akazima na ya pili.

Kelele za abiria zilipanda kabla mapanga hayajasimama. "Kuko nini? Mafuta iliisha?" "Papa, ndoa ya mutoto wako!" Phinées alikuja mbio, simu zote mbili mkononi.

"Commandant! Kuharibika nini?"

"Hakuna kitu imeharibika. Copilote amesema."

"Copilote? Jordy? Jordy ni nani?"

"Ni copilote."

Phinées akampita, akaweka uso wake karibu na ule wa kijana. "Jordy, we mutoto, sema ulikuwa unacheka, ulifanya mzaha tu. Batu banangoja. Baba yako huyu, unamukosesha ndoa ya binti yake? Sema tu moja: nilikuwa nacheka."

Jordy akamtazama Commandant, kama alivyozoea, kutafuta jibu kwenye uso wa mkubwa.

"Usiniangalie miye," Paulin akasema kwa upole. "Hapa mi sina neno tena."

Mama wa kitenge alikuwa ameacha kulalamika, anasikiliza.

"Sirudishi neno yangu," Jordy akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuongeza "Commandant".

*

Rubani mwingine hakupatikana siku ile. Ndege za kampuni nyingine ziliruka kutoka Mavivi asubuhi hiyo, mbingu nyeupe na tulivu, na zote zilifika. Naandika hili kwa sababu watu hupenda mkasa ambao mwisho wake unathibitisha nani alikuwa na haki. Sijui kama tungeanguka. Pengine tungefika Kisangani saa tatu na nusu, Paulin angebadilisha nguo ndani ya gari, na Julie angemwona akiingia. Yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko sisi sote.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kile chumba kidogo. Jordy alisimama mbali kidogo, hathubutu kukaa wala kuondoka. Mimi nilikaa kwenye kizingiti. Simu ikaita, na sauti ya msichana ikatoka kubwa, kwa sababu Paulin aliweka kipaza sauti. Masikio yake yalikuwa yamechoka na injini za miaka mingi.

"Papa, mumefika?"

"Niko Beni, Julie. Hatukuruka."

Nyuma yake palikuwa na ngoma na watu wengi.

"Ndege iliharibika?"

"Hapana."

"Mvua?"

"Hapana, mama yangu. Jua iko inawaka."

"Sasa juu ya nini? Nani alikukataza?"

Jordy alipiga hatua moja mbele. Nilidhani atachukua simu. Paulin akainua kiganja kumzuia, bila kumtazama.

"Mi njo commandant," akasema. "Nilizima bamoteur mi mwenyewe. Usitafute mutu mwingine."

Tulisikia Julie anapumua. Kisha analia, na mwanamke fulani anamwambia asiharibu poda. "Mjomba ataniuliza," akasema mwishowe. "Mi nilitaka weye." Hakumwambia amemsamehe. Simu ilipita mikono mingi, ikawekwa mahali fulani kwenye meza ili baba asikie, na mjomba akaanza hotuba ndefu ya Kiluba cha Kasai.

"Commandant," Jordy akasema. "Acha nikuelezee kwanza. Ulisoma ule mustari mara..."

"Sikukuuliza."

"Najua. Mais nataka ujue juu ya ni..."

"Jordy. Nilikuahidi sitauliza. Ukinijibu, itakuwa kama niliuliza." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, macho yake mekundu yamejaa maji, na hapakuwa na hasira ndani yake, hata ndogo. Nilitafuta hasira ile kwa makini, kwa sababu nilikuwa nimesoma habari za wakubwa wengi. Haikuwepo. "Vuta kiti. Tusikilize."

Jordy akavuta kiti. Mjomba aliendelea kuhutubia, akataja mbuzi, akataja ukoo, watu wakaitikia. Sikuelewa maneno. Paulin alikuwa ananitafsiria kidogokidogo: sasa wanamwita, sasa anakuja, sasa amesimama mbele yao. Sauti yake ilikuwa inapungua. "Sasa atamuuliza," akasema, na kichwa chake kikaanza kushuka.

Swali liliulizwa. Nilijua kwa sababu ngoma zilinyamaza. Julie akajibu neno moja, na vigelegele vikajaa kwenye ile simu ndogo mpaka ikakwaruza.

Commandant Paulin hakuvisikia. Alikuwa amelala, kidevu kifuani, viatu vinavyong'aa vimenyooshwa juani.

Jordy aliichukua simu kutoka kwenye mkono wake, taratibu, akapunguza sauti. Wapakiaji walikuwa wanakuja na mkokoteni wa magunia, wanaimba na kutukanana kama kawaida. Phinées aliwatokea mbele, ametanua mikono yake yote miwili.

"Mupite kule nyuma," akawaambia kwa kunong'ona. "Commandant analala."